Deraya Isiyokalika: Kisa cha Vazi Moja la Askari wa Anga

Mteja alikuwa mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa, kimo chake sentimita 160. Alileta deraya nzima ya askari wa anga za mbali, ya mtindo wa michezo ya kompyuta: dirii ya kifua na mgongo, mabega, vigasha, mapaja, miundi, na chapeo inayofunika kichwa chote. Yeye na kaka yake waliitengeneza nyumbani kwa mpira wa EVA, ule mwepesi wa soli za ndara, wakifuata patani za karatasi walizopakua kwenye intaneti. Kazi ya mkono ilikuwa nzuri kweli. Viungo vya gundi vilikutana bila pengo, kingo zilipigwa msasa zikalainika, rangi ya kijivu ilipulizwa kwa tabaka nyembamba, na mikwaruzo ya vita ilichorwa kwa rangi ya fedha mahali pale pale ambapo chuma halisi kingechubuka, yaani kwenye pembe na kingo. Ukiitundika ukutani, huioni kasoro.

Kasoro ilikuwa kwamba haivaliki. Mara ya kwanza alipoivaa kwa muda, kwenye sherehe ndogo ya wenzake, hakufikisha nusu saa. Mikono haikupanda kupita usawa wa kifua. Pumzi ilikuwa fupi. Vipande vya mapaja viliteremka mpaka vikakaa juu ya magoti, naye akawa anatembea miguu imekakamaa. Chapeo ilijaa mvuke ndani ya dakika chache. Na alipojaribu kuketi, ukingo wa juu wa dirii ulimpiga kooni, basi akabaki amesimama mpaka kaka yake alipokuja kumvua. Mbele yake kulikuwa na tamasha la kosplei Nairobi, la watu wanaojivika kama wahusika wa filamu na michezo, siku nzima ya kusimama, kupanda ngazi na kupigwa picha. Alitaka kujua kama deraya inaweza kuokolewa au aitupe aanze upya.

Mimi ni mshoni wa magauni ya harusi na mavazi ya jukwaani. Kabla sijagusa kisu nilimuuliza alipimaje.

"Nilipima urefu wangu, bi. Patani ilichorwa kwa mtu wa sentimita 180, mimi ni 160, nikaipunguza yote kwa kiwango hicho. Hesabu niliirudia na kaka, iko sawa."

"Iko sawa, mwanangu. Sasa keti hapo nikupime tena."

Kisa chote kimo katika vipimo vile, kwa hiyo nitakaa navyo kwanza.

Kugawa 160 kwa 180 unapata 0.889. Kila kipande kilipunguzwa kwa kiwango hicho. Patani ya asili ilikuwa na mzunguko wa kifua wa sentimita 122, wake ukawa 108 na kitu. Kifua chake, juu ya nguo ya ndani aliyokusudia kuivaa, kilikuwa 100. Kwa karatasi, basi, alikuwa na nafasi ya sentimita 8, na mshoni yeyote angesema zinatosha. Lakini karatasi haina unene. Mpira aliotumia ulikuwa wa milimita 10, na dirii yake iliundwa kwa vipande bapa vingi, kingo zimekatwa mshazari ili uso wa nje ufuate patani barabara. Ukifanya hivyo, unene wote unaingia ndani. Kila milimita 10 za unene zinazouzunguka mwili zinakula karibu sentimita 6.3 za mzunguko, kwa sababu unazidisha unene kwa mbili, kisha kwa 3.14. Toa hizo kwenye 108 unabaki na 102. Nafasi yake halisi ilikuwa sentimita 2. Nilimwambia avute pumzi kwa nguvu, tepu ikasogea sentimita 4. Ndiyo maana pumzi ilikuwa fupi: kifua kilikuwa kinagonga ukuta kabla hakijajaa.

Hapa pana jambo ambalo wengi wanaotumia patani za kupakua hawalioni. Unapoipunguza patani, vyote vinapungua isipokuwa unene wa mpira. Mtu wa sentimita 180 akijenga kwa mpira wa milimita 10 anapoteza zile zile sentimita 6.3, ila yeye anazitoa kwenye 122. Kadiri mvaaji anavyokuwa mdogo, ndivyo unene unavyomwibia sehemu kubwa zaidi. Mwenye kutumia kipande kimoja kilichopindwa kwa moto badala ya vipande bapa anapoteza karibu nusu ya hapo, kwa kuwa mpira unapopinda upande wa nje hutanuka na wa ndani hujikunja, na urefu uliokata unabaki katikati ya unene. Binti huyu alikuwa amejenga kwa ile njia inayokula zaidi.

Kisha kuna umbo. Kimo hakikuambii mtu amegawanyikaje. Patani ilikuwa ya mwanamume mwenye kiwiliwili kirefu na nyonga nyembamba. Nilimpima akiwa amesimama: kutoka kishimo cha koo hadi mkunjo wa paja, sentimita 50. Nikampima ameketi kama watu wanavyoketi, si kama wanavyoketi mbele ya mpiga picha: 42. Dirii yake ilikuwa na urefu wa sentimita 46 kwa mbele, kipande kimoja kigumu. Akisimama, hakuna shida, inabaki nafasi ya 4. Akiketi, paja linapanda na dirii inazidi kwa 4, na hizo hazina pa kwenda ila juu.

Mgongoni, mikono ikiwa imelala ubavuni, upana kati ya kwapa na kwapa ulikuwa 36. Nilipomwambia ajikumbatie, ukawa 43. Paja lilikuwa 58 amesimama na 62 ameketi. Hizi zilikuwa tofauti kubwa kuliko kosa lolote la kupunguza patani. Hata kama angepata patani iliyochorwa kwa mwili wake mwenyewe, akaikata bila kukosea, bado angevaa kitu kinachomfaa akiwa amesimama wima na mikono chini tu.

Wala si wanaojenga nyumbani peke yao wanaokutwa na hili. Mwigizaji Anthony Daniels alimiminiwa plasta mwili mzima ili vazi la roboti C-3PO lijengwe juu ya umbo lake halisi, kwa ajili ya filamu ya Star Wars iliyotoka 1977. Huwezi kupata kipimo kilicho karibu na mwili kuliko hicho. Na bado, siku ya kwanza ya kulivaa jangwani Tunisia, kipande cha mguu wa kushoto kilipasuka kikamjeruhi mguu, na kuketi hakukuwezekana, hivi kwamba wakati wa mapumziko aliegemezwa kwenye ubao. Plasta humiminiwa mtu aliyetulia. Vazi lilikuwa sahihi kwa mtu aliyetulia. Isitoshe, vazi la filamu lina watu wa kulivisha, kulirekebisha na kulivua kati ya picha moja na nyingine, ambapo binti huyu angekuwa na kaka yake tu, tena mahali ambapo kaka hawezi kumfuata kila aendako.

Kwa hiyo niliandika kwanza, kwenye daftari, mambo ambayo deraya lazima imruhusu: kuketi kitini, kuinuka kutoka sakafuni, kupanda ngazi, kushika bega la pili, kunyoosha mkono juu, kuokota kitu chini, kunywa maji, kwenda msalani mwenyewe, na kutawadha. Hili la mwisho alilisema yeye. Tamasha lingekwenda tangu asubuhi hadi jioni, sala mbili zingemkuta pale, na vigasha vyake vilikuwa mirija mizima inayoingizwa mkono kwa kuusukuma. Kuvivua kulihitaji mtu wa pili na mafuta ya kupakaa. Mtu anayelazimika kuvua hadi viwiko na hadi vifundo vya miguu zaidi ya mara moja kwa siku hawezi kuvaa vazi la namna hiyo. Sharti hilo moja lilinipa jibu la vipande vyote vya mikono na miguu, kwa maana kilichorahisisha kutawadha kilirahisisha kila kitu kingine.

Uamuzi wa kuokoa badala ya kuanza upya niliufanya kwa sababu ya rangi. Mpira wa EVA, ule ule wa soli za ndara na mikeka ya rangi ya watoto, ni wa bei ya kawaida, na watu wa pwani tunaujua vizuri. Jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu na kuzinduliwa 2018 lilivishwa ndara kuukuu zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni. Mpira haukuwa tatizo. Lakini rangi ile, na michoro ile ya mikwaruzo, ilibeba saa nyingi za watu wawili wenye vipaji, na sikuona haki kuitupa ilhali makosa yote yangeweza kukatwa.

Dirii nilianza nayo. Niliipasua ubavuni, kutoka kwapa hadi chini, pande zote mbili, ikawa kifua peke yake na mgongo peke yake. Kati yake nikaweka pengo la sentimita 4 kila upande, na ndani ya pengo kitambaa cheusi cha kunyumbuka chenye lastiki pana mbili, moja chini ya kwapa na moja kiunoni. Mpaka hapo mzunguko ulikuwa na nafasi ya kutosha na kifua kilipumua. Weusi wa kitambaa hauonekani, kwa kuwa mkono unaufunika, na macho ya mtazamaji yanadhani ni kivuli. Juu ya mabega niliunganisha kifua na mgongo kwa mkanda wa begi wa inchi moja na nusu, wenye bizimu ya plastiki ya kubofya, ile inayofunguka kwa vidole viwili.

Tundu la mkono lilikuwa dogo na lilikatwa kwa mviringo safi, kama lilivyo kwenye picha. Mkono haupiti mbele ya mwili kwa mviringo. Unapovuka kifua kushika bega la pili, msuli wa mbele wa bega unasukuma kuelekea mtulinga, na pale ndipo ukingo ulipokuwa ukimkata. Nilimwambia avuke mkono polepole nikafuata kwa chaki mahali ngozi ilipoanza kubonyea, kisha nikakata hapo, sentimita 3 kuelekea kifuani, nyembamba zaidi kuelekea chini. Nyuma nilikata kidogo tu. Ukifika Makumbusho yoyote yenye deraya za Ulaya za karne ya 15 na 16, itazame sehemu hiyo: kifua cha chuma kimechimbwa ndani sana mbele ya kwapa, na wengine walining'iniza kibamba kidogo cha duara mbele ya tundu ili walifunike bila kulizuia. Wafua vyuma wale walijenga kwa ajili ya mtu atakayepanda farasi na kupiga upanga, na kosa lao lingeweza kumuua mvaaji. Mengi ya ninayoyajua kuhusu deraya za kubuni nimejifunza kwa kuzitazama zile za kweli.

Kutoka kwao pia ndiko lilikotoka suluhisho la kiuno. Kifua cha chuma hakikushuka chini ya kiuno chembamba cha mwili. Chini yake kulifuata vibamba vyembamba vya kulaliana, vilivyopigiliwa ribiti kwenye mikanda ya ngozi, na mtu alipoketi vibamba vilipanda kimoja chini ya kingine. Nilikata dirii ya binti kwa mlalo kwenye kiuno chake halisi, sentimita 33 kutoka kishimo cha koo. Kile kipande cha chini nilikigawa vibamba vitatu, nikaongeza ukanda wa mpira wa milimita 5 kwenye kila kimoja ili vilaliane sentimita 2. Katikati nikavishika kwa mkanda wa begi, ambao hauvutiki, ili visianguke. Pembeni nikavishika kwa lastiki, ili viweze kupanda na kurudi. Akisimama, macho yanaona kitu kimoja chenye mistari mitatu, na mistari hiyo ukiitazama inapendeza kuliko bapa lililokuwapo. Akiketi, vibamba vinajificha chini ya kifua na koo halihisi kitu.

Mabega yalikuwa yamegundishwa juu ya dirii. Hapo ndipo mkono ulipokwama. Unapoinua mkono mpaka juu ya kichwa, kama nyuzi 180, kiasi cha nyuzi 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe na takriban 60 hutoka kwenye kombe la mkono kuzunguka mgongoni, na bega zima linapanda kuelekea sikio. Kitu kilichogundishwa kwenye kifua hakiwezi kufuata mwendo huo. Niliyabandua, nikayatundika kwenye mkanda wa juu wa bega kwa kishikizo kimoja tu, na upande wa chini nikaweka lastiki ya kuzunguka mkono. Sasa kipande cha bega kinaelea: mkono ukipanda nacho kinapanda.

Vigasha na miundi nilivifungua kwa urefu, mpasuko upande usioonekana, yaani ndani ya mkono na nyuma ya mguu. Kiungo upande mmoja ni ukanda wa kitambaa kigumu uliogundishwa kwa ndani, unaotumika kama bawaba, na upande mwingine ni velkro. Velkro niliishona kwenye ukanda wa kitambaa kwanza, ndipo kitambaa kikagundishwa kwenye mpira. Ile yenye gundi yake ya nyuma, inayouzwa kwa mita Biashara Street na kwingineko, haishiki EVA kwa muda. Jasho na joto huibandua, na siku ya tukio utaikuta imebaki kwenye upande wa pili. Nyuma ya goti nilikata nafasi kubwa, zaidi ya alivyodhani inahitajika, kwa sababu goti likikunjwa nyama ya paja na shavu la mguu hukutana pale, na ukingo wowote uliopo katikati unabana.

Mapaja yalikuwa yakiteremka kwa sababu yalitegemea kubana. Paja ni jembamba chini kuliko juu, basi mrija unaobana paja hauna njia ila kushuka. Niliyalegeza, nikayatundika kwa mkanda wima kwenye mshipi mpana wa kiunoni unaovaliwa chini ya deraya. Uzito ukahamia nyongani. Na hapa nilimshauri kitu ambacho hakikuwamo kwenye picha aliyoifuata. Badala ya suti ya kubana mwili, ambayo hakuipenda tangu mwanzo ila alidhani ni lazima, nilimshonea kanzu nyeusi ya kufika magotini, iliyopasuliwa pande mbili, ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi, juu ya suruali pana iliyokusanywa kwenye kifundo. Mapaja ya deraya yakavaliwa juu ya suruali, chini ya mipasuo ya kanzu, na anapotembea yanaonekana na kujificha. Kwa macho yangu vazi lilipata heshima na mwendo ambao picha ya asili haina. Nami nilisimama kidogo nikamtazama anavyopita mbele ya kioo, kwa sababu huo ndio wakati kazi hii inapolipa.

Gundi ilihitaji mazungumzo yake. Viungo viwili vya mgongo vilikuwa vimeachana, na binti alidhani gundi ilikuwa mbovu. Gundi ilikuwa ile ile ya viatu ambayo kila fundi wa soli anaitumia, nayo haina ubaya. Kilichotokea ni kwamba deraya iliachwa kwenye buti ya gari mchana wa jua, na gundi ya namna hiyo hulainika kwa joto. Kiungo kilichopindwa kwa nguvu, ambacho mpira wenyewe unataka kurudi bapa, kinaachana kwanza. Dawa ni mbili. Ya kwanza, kupinda mpira kwa hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa moto, mpaka ukubali umbo na kupoa ukiwa katika umbo hilo, ndipo ugundishe. Hapo gundi inashikilia tu na haipigani. Ya pili, kungoja. Pande zote mbili hupakwa, kisha huachwa mpaka ukigusa kwa kidole haishiki kidole, ndipo zikutanishwe, mara moja, bila kuteleza. Wengi hukutanisha ikiwa bado mbichi. Kazi hiyo ifanyike nje au penye madirisha wazi, kwa sababu mvuke wake unaumiza kichwa na mapafu. Na rangi aliyokwisha kuipaka lazima ikwaruzwe kabisa mahali pa gundi, maana gundi itashika rangi, na rangi itabanduka na gundi yake.

Chapeo ilinichukua fikra nyingi. Kichwa chake kilikuwa na mzunguko wa 56, lakini yeye huvaa mtandio, na mtandio wenye mikunjo na kikofia cha chini uliufanya 59, tena uvimbe wote uko nyuma. Chapeo ilipimwa bila mtandio. Nilimwomba achague mtandio wa jezi laini, usiohitaji pini hata moja, kwa sababu pini chini ya chapeo ni hatari kwa ngozi na shingo. Kisha nikaondoa sponji yote ya nyuma iliyokuwa ndani, nikabakiza vipande vya paji la uso na mashavu ili chapeo ikae bila kuyumba. Mvuke hautokani na joto peke yake. Pumzi yenye unyevu inagonga kioo chenye baridi kuliko yenyewe, na kama hakuna njia ya hewa inabaki pale. Tulifungua matundu chini ya kidevu na mengine juu nyuma, yakajificha ndani ya michoro iliyokuwapo, na tukaweka feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 inayovuta hewa kutoka juu ya paji na kuitoa nyuma, ikiendeshwa na pawabenki kwenye mshipi. Waya hupita kwenye kiungo cha kuchomoa, ili chapeo ikivuliwa kwa haraka isimning'inie shingoni. Kuiweka feni itoe hewa nje ni bora kuliko kuiweka imvumie usoni. Ikivuma usoni macho hukauka.

Kuona chini hakukuwezekana kikamilifu, na hakuna ujanja niliokuwa nao. Kwa kioo kile, sakafu iliyo karibu na miguu haionekani. Kwa hiyo ngazi zote azipande akiwa ameshikwa mkono, na kaka alikubali hiyo ndiyo kazi yake siku nzima.

Jambo la joto sikulichukulia kirahisi. Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka, na chini ya mpira jasho halikauki, linatiririka tu. Mombasa, penye unyevu mwingi hewani, ni mahali pagumu kuvaa deraya, na ndiyo maana nilipenda majaribio yafanyike hapa kabla ya kwenda Nairobi penye ubaridi wa nyanda za juu. Vazi linalovumilika Mombasa mchana litavumilika kule. Ndani ya dirii nilibandika vijiti vya mpira vya wima, vyembamba, ili bapa lisigande kwenye nguo na hewa iweze kupanda kutoka kiunoni na kutokea shingoni. Tulikubaliana pia kwamba akihisi kichwa chepesi, au jasho likikatika ghafla, chapeo na dirii zinatoka hapo hapo, popote alipo, picha au si picha. Ndiyo maana bizimu zote ziko mbele. Kila kitu kinafunguka kwa mikono yake mwenyewe, bila kuona, akiwa na glavu.

Majaribio tuliyafanya nyumbani kwangu, kwa ile orodha ya daftari. Alikaa kitini, akakaa chini mkekani akainuka, akapanda ngazi mpaka darini, akaokota ufunguo sakafuni. Palipobana tuliweka alama ya tepu ya karatasi, akavua, nikakata. Ufunguo ndio uliotoa siri ya mwisho: alipoinama, mgongo wa dirii ulipanda na kugonga chapeo kisogoni, basi nikauchimba ukingo wa nyuma wa shingo. Kwa kutawadha alivua vigasha, viatu na miundi peke yake, akavirudisha, na mama yake aliyekuja kumchukua alimkuta ameshamaliza kusali.

Nairobi aliivaa tangu ufunguzi hadi jioni, akipumzika kila alipotaka, kwa sababu sasa angeweza kuketi. Viungo vyote vya gundi vilirudi vizima. Kilichoharibika ni rangi kwenye vibamba vya kiuno, ambavyo husuguana kila anapoketi, na upande wa chini wa kila kibamba ulirudi umechubuka mpaka kwenye mpira. Nilivifunika kwa ndani na kitambaa chembamba cha kulainisha msuguano, na zile sehemu zinazosuguana kwa juu tulizipaka rangi ya kunyumbuka badala ya ile ya kupuliza. Chapeo bado ni nzito upande wa nyuma kwa sababu ya feni, na hilo sijalimaliza.

Deraya ya pili ameshaianza, na safari hii hakuanza na kimo. Alivaa dera kuukuu lililobana kidogo, akazungushiwa nailoni nyembamba ya jikoni, kisha tepu pana juu yake, tangu nyonga hadi mabega, shingo ikiachwa huru na pumzi ikiwa imevutwa ndani wakati kifua kinafungwa. Akiwa amesimama tulichora kwa kalamu nyeusi mistari ya kiuno, kwapa na mtulinga. Kisha akaketi, akajikumbatia, akainua mikono, na mahali tepu ilipojikunja au kukazika tukachora kwa nyekundu. Tulipolikata ganda mgongoni na kulilaza mezani, kulikuwa na maeneo meupe yasiyoguswa na wekundu: katikati ya kifua, sehemu ya juu ya mgongo, na ubavu mfupi chini ya mbavu. Hayo ndiyo ameyakatia mpira wa milimita 10. Kwenye wekundu anaweka vibamba vya milimita 5 au kitambaa, na kila patani ya bapa gumu ameiongezea unene wa mpira kabla ya kuikata.